Inspekta Morse anastahili taarabu ya Tanga

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuwa tamthilia zetu za upelelezi hazina budi kuazima muziki wa nje, kwani muziki wa mwambao ni wa harusi na kukata viuno, haujui kumtia mtu wasiwasi. Barua yake ilisomwa kwa sauti barazani kwetu hapa Ngamiani, na wazee wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikataa palepale, na leo naleta ushahidi wangu. Mjukuu wangu na mimi tumepanga orodha ya nyimbo kwenye simu yake, ya kumfuata hatua kwa hatua mpelelezi mmoja wa televisheni ya Uingereza aitwaye Inspekta Morse. Ukiondoa vipande viwili vya Kizungu, zote ni nyimbo za huku kwetu, na nyingi zimezaliwa Tanga au zimepita Tanga.

Kwa asiyemjua, Morse ni mpelelezi wa polisi katika Oxford, mji wenye chuo kikuu kikongwe. Aliigizwa na John Thaw, na kipindi kilirushwa na ITV (ya kule kwao, si hii yetu ya Mikocheni) kuanzia Januari 1987 hadi Novemba 2000. Sehemu zake ni 33 tu, kila moja karibu saa mbili ukihesabu na matangazo. Hapigi mtu ngumi. Maiti inamtia kichefuchefu, hataki hata kuitazama. Ana gari lake Jaguar Mark 2, jekundu, la kizamani. Anapenda bia, anapenda mafumbo ya maneno ya magazetini, na akirudi nyumbani hakuna mke wala mtoto anayemsubiri. Anaweka Wagner au Mozart, watunzi wa Kizungu wa zamani, na kukaa kusikiliza. Kwa mtu wa aina hiyo muziki si pambo. Huwezi kumwelewa bila kujua anasikiliza nini.

Sasa lazima niseme kwa nini mzee wa Ngamiani anamfuatilia Mwingereza. Nilikuwa karani wa reli. Nilianza kazi ujanani, enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla Jumuiya ile haijavunjika mwaka 1977, na kazi niliyofundishwa kwanza ilikuwa telegrafu: kugonga ujumbe kwa alama fupi na ndefu, na kuusikia ukija kutoka stesheni nyingine. Muheza, Mnyuzi, Korogwe, Mombo, yote niliyajua kwa sauti kabla sijayajua kwa macho. Wapo waliodhani tunahesabu nukta moja moja. Hatukuhesabu. Sikio la karani lililozoea husikia neno zima, kama wewe unavyosikia jina lako likiitwa katikati ya kelele za soko. Na mkono wa kila karani ulikuwa na mwendo wake. Mwenzangu wa Korogwe alikuwa akivuta alama ndefu kupita kiasi, nikajua ni yeye kabla hajajitambulisha.

Mjukuu wangu yuko chuoni, na likizo huja na kompyuta yake. Jioni moja akaniwekea sehemu ya kwanza ya Morse, akisema, "Babu, huyu ndiye mpelelezi wako, hakimbiikimbii." Muziki wa kufungulia ulipoanza nilimshika mkono nikamwambia arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwambia tena. "Babu, kuna nini?" Nikaomba kalamu, nikaandika pembezoni mwa gazeti lako, Mhariri, ukurasa wa michezo, herufi tano: M, O, R, S, E. Mbili ndefu. Tatu ndefu. Fupi, ndefu, fupi. Tatu fupi. Moja fupi. Mdundo ule unaojirudia chini ya fidla unaligonga jina la mpelelezi kwa telegrafu, tangu mwanzo, mbele ya watu wote, na mamilioni walikuwa wakiusikia bila kujua wanaambiwa kitu.

Mjukuu wangu hakuamini, akaingia mtandaoni kutafuta. Ni kweli kabisa. Aliyetunga muziki ule ni Barrington Pheloung, mzaliwa wa Australia, na alifanya makusudi. Cha ajabu ni kwamba jina lenyewe halikutoka kwenye telegrafu. Colin Dexter, aliyemuumba mpelelezi huyo, alikuwa bingwa wa mafumbo ya maneno, na jina alilichukua kwa Sir Jeremy Morse, mkuu wa benki aliyekuwa akishindana naye kwenye mafumbo hayohayo. Lakini Dexter naye, alipokwenda jeshini kwa mujibu wa sheria, alitumikia kikosi cha mawasiliano. Ukiyaweka pamoja hayo huwezi kusema Pheloung alikosa pa kuanzia.

Hakuishia kwenye jina la mkubwa. Katika baadhi ya sehemu alichomeka ndani ya muziki jina la muuaji, kwa nukta na mistari. Kisha, alipojua kuna wajanja waliokaa na kalamu wakisikiliza, akaanza kuchomeka jina la mtu asiye na hatia ili awapoteze. Nami tangu hapo nikawa nakaa na kalamu. Mke wangu alipita akatutazama, babu na mjukuu, tumeinamia spika ndogo ya mezani, akauliza kama ni redio ya mbao. Nakamata herufi tatu, nne, kisha fidla zinajaa zinafunika. Lakini raha yake siwezi kukueleza.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji mwenzangu. Yeye anadhani muziki wa upelelezi ni muziki wa kutisha. Kwa mafundi wenyewe ni muziki unaoficha jina. Na ni nani duniani aliyetuzidi watu wa pwani kwa kuimba bila kutaja jina?

Nenda kwenye taarabu ukae pembeni, usicheze, utazame tu. Mwimbaji anaimba juu ya ua, juu ya chungwa, juu ya mpitanjia aliyekunywa maji kisimani akakitia tope. Hakuna aliyetajwa. Lakini ukifika ubeti fulani mwanamke mmoja anainuka, noti iko katikati ya vidole viwili, anakwenda kumtunza mwimbaji. Haendi moja kwa moja. Anazungukia upande wa pili ambako hana shughuli, anafika kwenye meza moja, anapunguza mwendo, mkono wenye noti unapita juu ya kichwa cha aliyekaa, taratibu, kisha ndio anaelekea jukwaani. Aliyekaa anakunywa soda yake. Anatabasamu. Baada ya beti mbili naye anafungua pochi. Hapo hapajasemwa neno, na ukumbi mzima umeshajua nani kamchukulia nani bwana, tangu lini, na nani alikuwa akipeleka salamu. Mpelelezi mwenye akili angeandika jalada zima bila kumhoji mtu: nani kainuka, kwenye ubeti gani, kapita wapi, na nani hakuinuka ilhali wote walitegemea atainuka.

Visa vya Morse ndivyo vilivyo. Oxford yake haina majambazi wenye bunduki za kupora benki. Ina maprofesa waliooneana wivu miaka mingi, wake za watu, barua za zamani, watu wenye heshima zao wanaokaa meza moja na kuchomana visu kwa tabasamu. Mwenyewe Morse alificha jina lake la kwanza kwa takriban kipindi chote, mpaka likatoka karibu na mwisho, nalo ni Endeavour. Mtu wa namna hiyo, ukimleta hapa Tanga, humpeleki disko. Unamtafutia kiti cha nyuma kwenye taarabu.

Basi orodha yetu. Tumeanza na muziki wa Pheloung wenyewe, kwa adabu, kwa kuwa mwenye nyumba hutangulia. Unaofuata ni bashrafu ya Unguja, ala tupu bila mwimbaji. Zamani watu waliisikiliza wakiwa wanaingia na kutafuta viti, kwa hiyo inafaa mno kwa dakika zile za mwanzo ambapo hujui nani ni nani: huyu anashuka garini, yule anafunga dirisha, mmoja wao atakufa kabla ya tangazo la kwanza.

Wa tatu nilishikilia mimi, ni "Kijiti" wa Siti binti Saad. Msomaji mwenzangu anayesema taarabu ni ya harusi ausikilize huo kisha aniandikie. Ni kisa cha kweli cha mauaji. Mgeni, mwanamke aliyetoka bara kwenda Unguja, alichukuliwa kwenda kustarehe akarudi maiti. Aliyemuua akatoroka, na waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioonja jela. Siti hakuwa na gazeti wala televisheni. Alisimama akaliimba, na Kijiti mpaka leo hajaoshwa jina lake. Tazama jambo la ajabu hapo: katika muziki unaoficha majina, siku ambayo mahakama ilishindwa, mwimbaji akaamua kulitaja. Sijui kama kuna tamthilia ya upelelezi iliyowahi kufikia hapo. Siti alirekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, na mkwaruzo wa santuri za wakati ule bado umo ndani ya sauti. Mjukuu wangu alitaka kutafuta toleo lililosafishwa, nikakataa. Mkwaruzo ule unaniambia kuwa jambo hili lilitokea kweli.

Baada ya Siti mjukuu wangu akaweka Mozart, sauti ya mwanamke peke yake na vinanda, kwa sababu Morse ndivyo ambavyo angefanya. Nilinung'unika, kisha nikasikiliza zile mbili zikifuatana, nikanyamaza. Ziache.

Kwa mshukiwa wa kwanza tukampa Bi Shakila, binti wa mkoa wetu huuhuu, Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 2016. Wimbo ni "Macho Yanacheka", na jina lake linatosha kuwa maelezo ya kituo cha polisi. Katika kila sehemu ya Morse yupo mmoja wa kumpa wimbo huu: anakaribisha chai, anajibu kila swali, anacheka panapostahili, na Morse anatoka pale akimwambia msaidizi wake kuwa huyu anadanganya, ila hajui kwa lipi. Sauti ya Shakila haina haraka. Inakuvuta karibu na inakuacha mlangoni.

Mshukiwa wa pili ni yule anayepaza sauti, na huyu wimbo wake ulikuwepo kabla hatujautafuta: "Sina Makosa" wa Les Wanyika. Wengi wanaucheza bila kuusikiliza. Mwanamume anamwuliza mwenzake hasira za nini hata atake kumtoa roho, ilhali kila mmoja wao ana wake nyumbani. Hapo una mapenzi, una wivu, una tishio la kuua, na una mtu anayejitetea kabla hajashitakiwa. Lewis, yule msaidizi wa Morse, angeishaandika kurasa mbili. Kuna atakayesema Les Wanyika ni bendi ya Nairobi. Ni kweli, lakini walimeguka mwaka 1978 kutoka Simba Wanyika, na Simba Wanyika ni ya ndugu Wilson na George Kinyonga, ambao walipiga hapa Tanga na Jamhuri Jazz kabla ya kupanda Arusha na kuvuka kwenda Kenya. Ukifuata nyayo vizuri unarudi kwetu.

Gari ndilo lililoleta ugomvi. Mjukuu wangu aliona Jaguar jekundu, akaleta singeli. Sina neno na singeli. Vijana wa Dar es Salaam wameumba kitu chao, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mtu mwenye moyo mzima anaweza kuustahimili. Lakini Morse akiendesha gari hafukuzi mtu. Anafikiri. Anapita barabara ya shamba, mvua inanyesha, na nusu ya muda hata hamsikilizi Lewis aliyekaa kando yake. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Jaguar likapewa Atomic Jazz, watoto wa Tanga, yale magitaa yao makavu yanayojibizana bila kugombana. Weka gitaa la solo pale ambapo Morse anasema jambo, na la ridhimu pale ambapo Lewis anaitikia "ndiyo, bwana" huku moyoni hakubali. Singeli haikutupwa. Imekwenda kwa wanafunzi wa chuo, kwenye ile sherehe ya usiku ambayo kila mtu alikuwepo na hakuna aliyeona kitu.

Lewis mwenyewe, aliyeigizwa na Kevin Whately, ni mtu wa familia, mishahara na watoto, hana makuu. Yeye tumempa Jamhuri Jazz, dansi la Jumapili mchana. Sitamzungumzia sana, ingawa bila yeye Morse angekuwa mzee mmoja mwenye kiburi akizungumza na redio.

Lakini uti wa mgongo wa orodha ni Black Star na Lucky Star, vikundi vyetu wenyewe. Kizazi cha sasa hakijui kwamba ni Tanga, miaka ya 1960, iliyochukua taarabu iliyokuwa ya udi na fidla ikaitia gitaa la umeme na besi, ikaipa mwendo mwingine ambao baadaye uliigwa huku na huku. Besi ile ndiyo ninayoitaka kwa kazi ya upelelezi. Inatembea chini, haibadiliki, mwimbaji anasema maneno matamu juu yake na wewe unahisi kuna mtu anakufuata. Weka Black Star usiku, zima taa, kisha uniambie ni muziki wa harusi. Na hapa nina jambo la kumfurahisha Morse kaburini. Mwaka 1989, kipindi chake kikiwa na miaka miwili hewani, kampuni moja ya London ilitoa mkusanyiko wa vikundi hivi viwili vya Tanga. Mtu wa Oxford mwenye mapenzi ya santuri angeweza kuingia dukani akaununua. Alikuwa na shauku ya Wagner, bahati mbaya yake.

Kuzipata nyimbo hizi kwenye mtandao ni kazi nyingine, na ningependa ofisi zinazohusika na utamaduni zilione. Wimbo wa Black Star unaukuta umeandikwa Lucky Star. Mwimbaji mwanamke anawekewa picha ya mwimbaji mwingine, tena mara nyingine aliye hai. Tanga yote inaingizwa ndani ya "taarabu ya Zanzibar". Jina la mtunzi halipo kabisa. Ninyi wenye santuri za zamani kabatini, kwenye kile kibandiko cha katikati pameandikwa mambo: pigeni picha kabla mchwa hawajafika, wapeni vijana wayaweke sawa.

Nirudi kwa msomaji mwenzangu, kwani kuna mahali ana haki. Muziki unaowekwa kwenye tamthilia zetu za upelelezi mara nyingi unachosha. Nimeona moja, sitaitaja, ambamo mama mkwe alifungua friji akapigiwa radi. Akatoa maziwa, radi. Akafunga friji, radi na kinanda. Baadaye mtu akauawa kweli, hawakuwa na kitu cha kuongeza, wakapiga radi ileile. Tena muziki ukawa mkubwa kuliko mazungumzo, na mpelelezi alipotaja jina la muuaji hatukulisikia. Ila kosa hilo si la udi wala ganuni. Ni la mtu anayechukua sauti za bure kutoka mtandaoni kwa kuwa hazimgharimu, na anayeogopa kimya. Pheloung aliacha kimya kingi. Morse anasimama chumbani mwa marehemu, anatazama vitabu, hakuna muziki, unasikia saa ya ukutani. Muziki unakuja akiwa ameshatoka, na ndipo unagundua kuwa aliona kitu.

Watengenezaji wa tamthilia wajaribu hili: wamtafute mpiga udi mmoja, wakae naye chumba kimoja, wamwoneshe picha bila sauti, wamwombe taksimu. Taksimu haina ngoma ya kuikimbiza. Mpigaji anatafuta njia, anagusa sauti moja, anairudia, anaiacha, anaikaribia nyingine. Hebu niambieni mpelelezi anafanya kazi gani kama si hiyo? Wapiga udi na ganuni wapo pwani nzima, na wengine wanasubiri harusi ya mwezi ujao ili wapate nauli. Na wakitaka nyimbo zilizokwisha rekodiwa, walipe. Orodha ya babu na mjukuu ni ya kusikiliza nyumbani. Kuuweka wimbo wa mtu kwenye tamthilia ya biashara ni jambo jingine, na sheria ya hakimiliki tunayo, ya mwaka 1999.

Tumebakiwa na nafasi moja, na ndiyo sababu ya pili ya barua hii. Sehemu ya mwisho, iliyorushwa Novemba 2000, Morse anaanguka kwenye uwanja wa majani wa chuo, anapelekwa hospitali, na kabla hajafa anaacha salamu za shukrani kwa Lewis ambaye hakuwahi kumshukuru vizuri akiwa mzima. (Nikikuharibia utamu unisamehe, imepita zaidi ya miaka 20.) Mjukuu wangu anataka pawekwe Shakila tena, "Kifo cha Mahaba". Nimemkatalia. Ni wimbo mkubwa, lakini Morse hakufa kwa mahaba, ingawa karibu kila kisa alipenda mwanamke asiyefaa, na wawili watatu kati yao walikuwa na hatia. Yeye anasema mimi sina sikio la mapenzi. Bibi yake amemuunga mkono, kwa hiyo nimeshindwa kura ila sijashindwa hoja.

Wasomaji watusaidie. Tunatafuta wimbo mmoja wa Tanga, Pangani, Muheza, Korogwe au Lushoto, wa zamani au wa leo, usiozidi dakika sita, ambao haukitaji kifo hata mara moja. Taarabu, dansi, mdumange, hata gitaa moja la kijana wa barazani, tutausikiliza wote. Andika jina la wimbo, kikundi, na kama unamjua mtunzi umtaje. Ukishindwa jina, andika ubeti unaoukumbuka, mjukuu wangu ataufuatilia. Bashrafu hatuhitaji, tunayo.

Wako,
Karani mstaafu wa reli,
Ngamiani, Tanga